Naomba ushauri: maoni ya wanaojaribu gemu langu yananichanganya

Wakuu habari zenu, niko hapa Dodoma natengeneza gemu la mezani la kuigiza, yale ya dadu na karatasi, mmoja anasimulia wengine wanakuwa wahusika. Langu ni msafara wa karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, wachezaji ni wapagazi, wakishavuka nyika kavu ya Marenga Mkali wanaingia Ugogo na huko lazima wamlipe mtemi hongo (ushuru wa njia wa enzi hizo, sio rushwa) ndo wapate maji. Sasa nimeanza kuwachezesha watu baki na kila meza ina lake. Vijana wa chuo wanataka hongo ipunguzwe eti inaumiza, mzee mmoja wa Kigogo akaniambia mtemi wangu mpole mno (nilicheka kweli). Wengi wanasema tu "iko poa" wanasepa, hiyo sijui niifanyie nini. Wale wa Dungeons & Dragons, gemu maarufu la aina hii hii, walifungua majaribio kwa umma 2012, toleo la tano likatoka 2014, ila wao walikuwa na madodoso, mi nina daftari.

Niulize vipi ili mtu aseme alipoboreka bila kunionea aibu? Na nisimulie mwenyewe au nimpe mwingine mi nitazame tu? Kwenye hongo je, mngemsikiliza nani?