Naombeni mawazo ya vipindi vya podikasti kuelekea Thanksgiving, wasikilizaji ni Waswahili wa Marekani na wa nyumbani

Binti Muheza:
Habari zenu wakuu. Nina podikasti ya Kiswahili, narekodi nikiwa hapa Columbus, Ohio. Wasikilizaji wengi ni watu wetu walioko Marekani, Watanzania, Wakenya, Wakongo ndio wengi zaidi, halafu wapo na wa Dar na Mombasa wanaosikiliza wakiwa kwenye foleni. Mwezi wa kumi na moja nataka vipindi vyote vinne viwe vya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Wamarekani ya Alhamisi ya nne ya mwezi huo, sasa nikisikiliza podikasti za Wamarekani naona wengi wanarudia yaleyale, taja vitu vitatu unavyoshukuru, mapishi ya bata mzinga, namna ya kukaa meza moja na ndugu wa chama kingine bila kugombana, imeisha hiyo. Watu wangu hawapo huko. Wapo ambao siku hiyo wanaunganisha zamu mbili, wapo waliokaribishwa na jirani Mzungu au na kanisa na hawajui waende na nini mkononi, wapo ambao mtoto anarudi shule anauliza mama na sisi tunapika bata mzinga lini. Na wa nyumbani sikukuu yenyewe hawajui imetokea wapi. Nataka kila mmoja apate cha kwake. Kipindi ni kama nusu saa. Mliokaa huku miaka mingi, na kama kuna aliyewahi kufanya kazi ya redio, nisaidieni jamani.

Mkaa Worcester:
Dada karibu, mimi niko Massachusetts, Plymouth kwenyewe sio mbali na huku. Historia lazima uiguse ila usiifundishe kama darasa la nne. Mchukue mtu mmoja, Tisquantum, mwenyeji wa huku kabla Wazungu hawajahamia. Mwaka 1614 nahodha mmoja Mwingereza alimteka yeye na wenzake akaenda kuwauza Hispania, jamaa akapambana mpaka akafika London, akarudi kwao 1619, akakuta kijiji chao cha Patuxet hakuna mtu, maradhi yaliyoletwa na meli yamewamaliza wote. Mwaka uliofuata wale Waingereza wa meli ya Mayflower wakaja kujenga Plymouth palepale kwenye mashamba ya ndugu zake marehemu. Na ndiye aliyewafundisha kupanda mahindi wasife njaa! Mtu wa pwani yetu ukimsimulia habari ya aliyekamatwa akauzwa ng'ambo huna haja ya kumfafanulia chochote, ataelewa mwenyewe. Nusu saa itaisha hata hujafika kwenye karamu ya 1621, ile wanayoiita Thanksgiving ya kwanza.

Mjukuu wa Kinjeketile:
Naunga mkono ila usiishie kwenye karamu. Watu wanapenda ile picha, Massasoit, mkubwa wa Wawampanoag wenyeji wa pale, kaja na watu wake kama 90, wameleta kulungu watano, wamekula siku tatu na Waingereza, tamu kabisa. Sasa mtoto wa huyohuyo Massasoit, Metacom, alikuja kupigana na watoto wa waliokula nao, vita ya 1675 mpaka 1676, akauawa, na watu wake wengi wakauzwa utumwani. Ndio maana tangu 1970 kuna Wenyeji wa Amerika wanakutana Plymouth siku ya Thanksgiving kuomboleza. Ilianza pale mzee mmoja wa Kiwampanoag, Wamsutta Frank James, alipoalikwa kuhutubia kwenye sherehe za miaka 350 tangu Waingereza wale wafike, wakubwa wakaisoma hotuba yake kabla wakaikataa, naye akakataa kusoma waliyomwandikia. Wawampanoag wapo hadi leo, wa Mashpee na wa Aquinnah. Mtafute mmoja umhoji kwa Kiingereza halafu utafsiri kwa sauti juu yake. Na kiwe kipindi kizima, sio dakika mbili za mwisho baada ya mapishi, hiyo mimi ingeniuma.

Nesi wa Zamu:
Sasa nyinyi wazee, si dada amesema watu wanasikiliza wakiwa kwa gari? Mkimwekea vita tangu mwanzo mpaka mwisho watazima. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa nesi, hapa Minneapolis, Thanksgiving niko job karibu kila mwaka, na vile naona kwa nyumba nyingi za wazee hiyo siku wanaobaki kwa wodi ni sisi Waafrika na Wafilipino. Tunalisha wazee wa watu viazi vya kuponda na bata mzinga aliyesagwa kwa wale hawawezi kutafuna, kuna wenye familia zao zinakuja na kuna wenye hawapati mtu, huyo unakaa naye kidogo unamshika mkono juu unajua hata wewe mama yako ako Kisii na hujamwona miaka. Hiyo ni episodi dada. Na sio manesi tu, kuna watu wetu wa magodauni wanapakia mizigo ya Black Friday, ile Ijumaa ya bei za kushuka kesho yake, kuna wa viwanda vya nyama, hii Minnesota yetu ndio inaongoza kwa bata mzinga Marekani yote. Hakuna mtu hukumbuka kuwauliza siku yao ilikuwa aje. Kitu moja tu, waambie wasitaje jina la mgonjwa wala la mahali wanafanya kazi, mtu anaweza poteza kazi.

Mtoto wa Nyarugusu:
Mimi niko Louisville, Kentucky, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Fanya kipindi cha Thanksgiving ya kwanza. Kila mtu huku anayo yake na zote ni nzuri. Sisi tulifika mwezi wa kumi na moja, baridi hatujaizoea, watu wa kanisa wakatuletea bata mzinga mzima ameganda jiwe, wakaacha na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza. Mama akamwangalia, akasema huyu kuku mkubwa wa kutosha msiba. Akaita majirani wote Wakongo wa ile apatimenti, baba akamkatakata kwa shoka, tukampika kwa mawese na pilipili na ugali pembeni. Nimeshakula bata mzinga wa oveni mara nyingi baada ya hapo, wa mama ule haujafikiwa. Waombe watu wakutumie sauti zao, dakika mbilimbili, utaona zitakavyokuja nyingi.

Mama Chuma:
Kwa faida ya wageni wa mwaka huu, bata mzinga aliyeganda anayeyushwa ndani ya friji siyo mezani, siku nzima kwa kila paundi nne au tano, kwa hiyo wa paundi 15 anatoka kwenye friza Jumapili ili Alhamisi aingie oveni. Weka hii mwanzoni mwa kipindi chochote, inaokoa watu na tumbo. Na msimtumbukize kwenye mafuta ya moto akiwa bado na barafu, nyumba zinaungua kila mwaka.

Bibie wa Toronto:
Assalaam aleykum. Na sisi wa Kanada usitusahau mwanangu, yetu ni Jumatatu ya pili ya mwezi wa kumi, ukingoja Novemba sisi tumeshamaliza mabaki. Jambo jengine, wasikilizaji wako si wote watu wa kanisa. Wapo Waislamu wanaoiona ni siku ya familia kukaa pamoja na kula, wapo wasiotaka kuiadhimisha kabisa, na wote wana haki yao. Zungumza na sheikh mwenye kuishi hukohuko akujibu kwa utulivu, ukialikwa na jirani unakwendaje, chakula unaulizaje bila kumvunjia mwenye nyumba heshima. Na bata mzinga wa halali huagizwa mapema kwa muuza nyama, wiki ya mwisho humpati.

Mkaa Worcester:
Bibie hapo umenikumbusha, na Liberia wanayo! Alhamisi ya kwanza ya Novemba, walikwenda nayo Wamarekani weusi waliohamia kule. Na wasikilizaji wa Tanzania waulize kuhusu sikukuu ya mavuno makanisani, ile ya kuleta mahindi, kuku na mkungu wa ndizi halafu baada ya ibada unapigwa mnada. Mtu wa Moshi akisikia hivyo atajua Thanksgiving sio mgeni kwake.

Fundi Mitambo Msa:
Nilifanya redio Mombasa muda mrefu kabla ya kuja huku. Dada, mawazo yote ni mazuri ila ungewauliza wasikilizaji swali moja tu vipindi vyote vinne, siku hiyo ulikuwa wapi na nani. Hilo linambeba nesi, linambeba wa Nyarugusu, hata Tisquantum unaweza kumwingilia hapohapo. Kuna shirika la StoryCorps, tangu 2015 kila Thanksgiving linawahimiza vijana wakae na mzee wa familia wamhoji na kumrekodi, wewe lifanye kwa Kiswahili. Watoto waliozaliwa huku wamhoji bibi, hata kama Kiswahili chao kinakwama acha kikwame, usikikate. Maswali mafupi, bibi ulipokuwa na umri wangu mlikuwa mkila nini siku mnafurahi, nani alikuwa akipika. Halafu nyamaza. Vijana wengi wa maikrofoni wanaogopa kimya wanarukia swali jengine, na neno zuri mara nyingi huja baada ya kimya.

Binti Muheza:
Wakuu nimesoma kila neno, Mungu awabariki. Swali la Fundi nalichukua kama lilivyo. Nitafungua mwezi na Tisquantum peke yake, wiki ya pili bibi na wajukuu, ya tatu sauti za waliofika na walio zamu, na ile ya Wawampanoag naiweka wiki ya Thanksgiving yenyewe, Mjukuu umenishawishi. Bibie, la sheikh nitalitoa mapema mwezi wa kumi ili na nyie wa Kanada liwakute. Fundi, hizo sauti za simu zitasikika vizuri kweli? Nyingi zitarekodiwa jikoni.

Fundi Mitambo Msa:
Zitasikika. Wasitume voisi ya WhatsApp moja kwa moja, inabanwa, warekodi kwa programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu halafu watume faili. Simu iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni, feni izimwe, sufuria ziache ziungurume kwa mbali hiyo ndiyo Thanksgiving yenyewe. Warekodi na nusu dakika ya jiko bila mtu kusema, utaitumia kuziba pale unapokata. Muziki wa kwenye redio na kelele za mpira kwenye TV zisiingie, utaletewa madai ya hakimiliki. Na kipindi cha wiki ile kitoe Jumanne, Jumatano watu wako barabarani.

Nesi wa Zamu:
Hata mimi nitakutumia, natoka zamu saa moja asubuhi, nitarekodia kwa gari kabla niwashe injini. Kuna wenzangu kama wanne hivi wanataka kuongea lakini wanaogopa majina, unaweza kuwabadilisha sauti?

Binti Muheza:
Naweza dada, na majina tutayaacha kabisa. Waambie waseme tu wako jimbo gani.