Kejeli, dhihaka, masimango na utani: mipaka yake iko wapi?

Mwalimu wa Dodoma:
Ndugu wapenzi wa lugha, ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Kila ninaposahihisha uchambuzi wa tamthilia nawaona wanafunzi wakitumia "kejeli", "dhihaka", "kebehi" na "mzaha" kana kwamba ni neno moja, na panapowatatiza huandika tu kwamba mhusika "amedharau". Nikifungua kamusi, nakuta kejeli imefasiriwa kwa dhihaka na dhihaka kwa kejeli. Naomba mnieleze mnavyoyatenganisha katika mazungumzo ya kila siku, na kama utani nao una nafasi katika kundi hili.

Mkazi wa Tanga:
Mwalimu, iondoe dharau kwanza, kwa sababu ni jambo la moyoni, na mtu anaweza kukudharau mwaka mzima pasipo kutamka neno. Dhihaka ni tendo, tena hutaka watazamaji. Katika Mathayo 27, Biblia ya tafsiri ya Union inasema askari "wakamdhihaki" Yesu baada ya kumvika taji ya miiba na kumpigia magoti, na hapo huwezi kuweka "wakamkebehi" bila kuharibu picha nzima, maana kebehi ni kuishusha hadhi ya mtu au kazi yake, hata pasipo kuchekesha mtu yeyote. Kejeli nayo huvaa adabu: shemeji anafika shughulini watu wakiosha sufuria, anapokewa kwa tabasamu na kuambiwa, "Karibu, umewahi kweli leo."

Wanafunzi wako wangefaidika zaidi na maneno wanayoyasikia nyumbani lakini hawayaandiki. Kung'ong'a ni kumfanyia mtu ishara za dharau akishageuka, kwa hiyo anayeng'ong'wa mara nyingi hajui. Kuzomea ni kazi ya kundi. Mtu mmoja akizomea peke yake huonekana yeye ndiye kituko. Masimango, ambayo kwangu ndiyo makali kuliko yote, hayana kicheko hata chembe: "Nimekulea, nimekusomesha, leo sahani uliyolia hutaki kuiosha." Aliyetendewa wema ndiye pekee anayeweza kusimangwa, na ndiyo maana mtu huweza kuacha chakula mezani akalala na njaa.

Kuhusu mzaha, usiwaambie kwamba ni neno jepesi siku zote. Zaburi ya kwanza, katika tafsiri hiyohiyo, inamsifu mtu ambaye "hakuketi barazani pa wenye mizaha", na wanaotajwa pale si wachekeshaji.

Mzaliwa wa Songea:
Nakubaliana na mengi, ila utani nauweka nje kabisa ya kundi hili. Sisi Wangoni ni watani wa Wahehe, ambao wazee wetu walipigana nao vita katika karne ya 19, na mtani ana haki ya kunisema mbele ya wakwe zangu nami nisikasirike. Msibani huweza hata kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Maneno yaleyale yakitamkwa na mtu asiye mtani wangu huwa matusi, na wazee wanaweza kumtoza faini. Kwa hiyo mwanafunzi asiulize tu kilichosemwa. Aulize pia nani kakisema kwa nani.

Msomaji wa Nairobi:
Kwetu Kenya kuna mchongoano, ambao hauhitaji kabila wala ukoo. Watoto huchongoana wakiwa wamezungukwa na wenzao: "Nyumba yenu ni ndogo mpaka jua likiingia nyinyi mnatoka nje." Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Ningeuweka karibu na utani, ingawa mzazi anayepita na kusikia nyumba yake ikitajwa huenda asikubaliane nami.

Mwalimu wa Dodoma:
Nawashukuru sana. Je, magazeti yanapoziita Simba na Yanga "watani wa jadi", huo ni utani wa aina ya Songea?

Mzaliwa wa Songea:
Jina limeazimwa hukohuko, lakini hakuna mzee wa kuwapatanisha mashabiki, na baada ya mechi kinachosikika mitaani mara nyingi ni kuzomeana. Hata hivyo neno limekwisha kupanuka. Muuza nyanya akikutajia bei mara mbili ya jana utamwambia, "Acha utani, mama," naye hatakuuliza wewe ni kabila gani.