Shati limerudi, vitu vingine vya Buffalo Bill je?

Mkwezi: Wakuu, lile shati la Ghost Dance (ngoma ya ibada) la Walakota, Wahindi wekundu wa Marekani, lililotoka Wounded Knee baada ya jeshi kuwaua huko 1890, jamaa wa shoo ya Buffalo Bill, ile ya maonyesho ya farasi na bunduki, akaliacha makumbusho ya Kelvingrove, Glasgow kule Scotland, mpaka 1999 ndo likarudi kwao. Sasa vitu vingine vya Wahindi wekundu vilivyozungushwa na shoo ile navyo si virudi? Cody mwenyewe, yaani huyo Buffalo Bill, hata shabaha ilikuwa geresha, alikuwa anatungua mipira ya vioo kwa marisau, vile vipunje vidogo vinavyotawanyika, sio risasi moja.

FundiMtutu: We marisau unayajua au umesikia? Ulitaka apige risasi nzima uwanjani watu wamejaa pande zote? Ingepita ikamtafuta muuza karanga huko nje. Na alikuwa juu ya farasi anakimbia, we ukiwa kwenye bodaboda hata simu unaidondosha.

Mkwezi: Kwa hiyo unakubali ni marisau 😂

Bi Salma: Mwenye shabaha pale ni Annie Oakley, yule dada mpiga bunduki wa shoo hiyo, Sitting Bull mwenyewe, kiongozi wa Walakota, alimfanya mwanawe. Nyie mnasifia tu masharubu.

Chapakazi: Sitting Bull huyo huyo 1885 kwenye shoo alilipwa dola 50 kwa wiki na picha zake akauza hela ikawa yake, so sio kila kitu kiliibwa jamani, vingine watu waliuza kwa hiari yao.

Bi Salma: Hiari ipi we kaka, mtu kashanyang'anywa ardhi na nyati wameisha, unamwekea dola mezani unaita hiari? Na Yellow Hair yule Mcheyenne naye aliuza ngozi ya kichwa chake? Cody alimuua Julai 1876 akamchuna, halafu akaenda kuigiza mauaji yaleyale jukwaani watu wakanunua tiketi.

Mzee wa Kalenga: Fuvu la Mkwawa liliporudi 1954 kuna aliyeuliza Mjerumani alikuwa na shabaha? Jibuni swali la kijana.

FundiMtutu: Mzee shikamoo, ila aliyeleta shabaha ni yeye. Geresha ni neno zito, yule alikuwa skauti wa jeshi kabla ya shoo.

Mkwezi: Skauti wa marisau. Si ndo kazikwa kwenye mji wake Wyoming?

Chapakazi: Colorado mkuu, Lookout Mountain, 1917. Wyoming wanamdai mpaka leo.

FundiMtutu: Umeona sasa? Kaburi lenyewe hulijui halafu unamfundisha mtu bunduki.