MREJESHO: Manjano kwa maumivu ya magoti

Wakuu, niliuliza kwa nini manjano yaliyokorogwa kwenye maji ya moto hayasaidii magoti yenye uvimbe. Asanteni kwa majibu, nayaweka hapa yakiwa yamenyooka.

Kosa lilikuwa maji. Kurkumini, kiini kinachopunguza uvimbe, haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana unga hutuama chini ya kikombe. Inataka mafuta, na inataka pilipili manga: piperini iliyomo huzuia ini lisiiondoe haraka mwilini.

Kipimo: tui la nazi au maziwa yasiyotolewa mafuta, mililita 250, manjano kijiko kimoja cha chai, kama gramu 3, pilipili manga iliyosagwa punde, robo kijiko. Moto mdogo, dakika 5 hadi 10, ukikoroga muda wote. Tui likichemka kwa nguvu hukatika. Hakikisha ni manjano matupu, si bizari ya mchuzi, maana hiyo ni mchanganyiko.

Sasa tuwe wakweli. Kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya unga, kwa hiyo kijiko hicho kina miligramu 90 hivi. Tafiti nyingi za magoti zilitumia vidonge vya miligramu 500 na zaidi kwa siku. Kikombe ni msaada mdogo, hakichukui nafasi ya dawa.

Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au mwenye mawe kwenye nyongo amwone daktari kwanza. Mwenye upungufu wa madini ya chuma asizidishe, kwani manjano hupunguza ufyonzwaji wake.