Usugu wa dawa kwenye maambukizi ya damu: vifo vingapi ni vya usugu wenyewe?

Daftari_la_Wodi

Wakuu, salaam. Kila wanapotajwa bakteria sugu, zinazunguka takwimu mbili za dunia nzima za mwaka 2019: vifo milioni 4.95 na vifo milioni 1.27. Wengi wanazitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Zinatofautianaje? Halafu la pili, na ndilo hasa nalotafuta: hospitali yenye daftari la majibu ya kuotesha damu (kutafuta bakteria kwenye damu maabara) na kumbukumbu za wodi itakokotoaje mzigo wake yenyewe, yaani vifo, siku za kulazwa na DALY (kipimo cha miaka ya afya iliyopotea)? Chukulia daftari lina bakteria aina ya E. coli 30 wa mwaka mzima, 18 kati yao sugu kwa antibiotiki ya seftriaksoni. Hiyo 60% iandikwe kwenye ripoti ilivyo?

Kokotoa

Tofauti iko kwenye swali moja: mgonjwa huyu asingepata bakteria sugu, angepata nini badala yake? Ukijibu "asingeugua kabisa", basi kila aliyefariki akiwa na maambukizi sugu anaingia kwenye hesabu. Hivyo ndivyo vifo vinavyohusishwa na usugu, milioni 4.95. Ukijibu "angeugua vilevile, ila kwa bakteria anayesikia dawa", unahesabu ile ziada tu. Hivyo ni vifo vilivyosababishwa na usugu, milioni 1.27. Usizijumlishe kamwe, ndogo imo ndani ya kubwa.

Kwa mfano wa kubuni: wagonjwa 100 wenye E. coli sugu kwenye damu, 30 wamefariki ndani ya siku 30. Wengine 100 wanaofanana nao, wenye E. coli asiye sugu, wamefariki 18. Vinavyohusishwa ni 30, vilivyosababishwa ni 12.

Kazi yote imejificha kwenye neno "wanaofanana". Linganisha umri, magonjwa mengine waliyonayo, chanzo cha maambukizi (mkojo, mapafu, tumbo, katheta), na kama maambukizi yaliletwa kutoka nyumbani au yalipatikana wodini. Maambukizi ya damu yanayotokana na njia ya mkojo huua wachache kuliko yanayotoka kwenye mapafu, kwa hiyo kundi moja likijaa ya mkojo, tofauti utakayoiona si ya usugu. Lakini usirekebishe hesabu kwa kigezo cha "alianzishiwa dawa sahihi au la". Kukosa dawa sahihi siku ya kwanza ndiyo njia yenyewe ambayo usugu huulia. Ukirekebisha kwa kigezo hicho, umeufuta mzigo uliokuja kuupima, na kosa hili linaonekana hata kwenye makala zilizochapishwa.

Siku za kulazwa: anza kuhesabu tarehe ya sampuli ya kwanza iliyootesha, si tarehe ya kulazwa. Aliyelala siku 20 kwa upasuaji kisha akaambukizwa siku ya 21 siku zake 20 za mwanzo hazihesabiwi kwa usugu. Maambukizi sugu huwapata zaidi waliokwisha kukaa sana wodini, kwa hiyo ukihesabu tangu kulazwa, usugu utaonekana unakula siku ambazo haukuzigusa.

DALY ni miaka iliyopotea kwa kufa mapema ukijumlisha na miaka ya kuishi na ulemavu. Kwenye maambukizi ya damu, sehemu ya vifo humeza karibu kila kitu. Ndiyo maana umri una uzito mkubwa: kwenye majedwali ya kimataifa kifo cha mtoto mchanga hubeba zaidi ya miaka 80, cha mtu wa miaka 70 hakifiki 25. Vifo 12 vya wodi ya watoto wachanga na 12 vya wodi ya wazee ni mizigo miwili tofauti kabisa.

Chupa_Mbili

Nizungumzie maabara, kwa sababu hesabu nzuri juu ya damu kidogo ni kazi bure.

Mtu mzima mwenye maambukizi ya damu mara nyingi ana bakteria chini ya mmoja kwa kila mililita. Chupa ya kuoteshea iliyotiwa damu ml 3 inaweza kubaki kimya siku zote tano za kusubiri huku mgonjwa ana sepsisi (maambukizi makali yanayoathiri mwili mzima). Kinachotakiwa ni ml 8 hadi 10 kwa kila chupa, chupa mbili kwa kila mchomo, michomo miwili sehemu tofauti: jumla kama ml 40. Mtoto mchanga, angalau ml 1 kwenye chupa ya watoto. Unataka kujua wodi zinajaza kiasi gani? Pima uzito wa chupa kabla na baada. Mililita moja ya damu ni takriban gramu 1.06, hivyo chupa iliyojaa vizuri inaongezeka kama gramu 10.

Ngozi isafishwe kwa kloreksidini 2% iliyo kwenye spiriti ya 70%, kisha iachwe ikauke sekunde 30 bila kupapaswa tena. Kifuniko cha mpira nacho kifutwe kwa spiriti. Chupa zifike maabara ndani ya saa 2, na zisiwekwe kwenye friji. Damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza: utafiti mmoja uliochapishwa 2019 uliwatoa damu wagonjwa walewale kabla na baada ya kuanza antibiotiki, na waliootesha walishuka kutoka 31.4% hadi 19.4% ndani ya saa mbili tu.

Sasa hiyo 60%. Kwanza, 18 kati ya 30 maana yake ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 41% na 77%. Pili, hakikisha ni wagonjwa 30, si sampuli 30. Mgonjwa mmoja sugu aliyetolewa damu mara nne huhesabiwa mara moja. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote: kama wodi hutoa damu pale tu seftriaksoni inaposhindwa, wale waliopona nayo hawamo kwenye daftari. Asilimia inapanda bila usugu kupanda. Kwa hiyo iandike pamoja na idadi ya sampuli kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Asiyeona namba ya pili asiamini ya kwanza.

Stafilokokasi wa ngozi waliootesha kwenye mchomo mmoja tu waondoe kwanza, wengi ni uchafu wa wakati wa kuchoma. Uchafu ukivuka 3% ya sampuli zote, tatizo ni mikono na ngozi.

Dozi_ya_Kwanza

Kokotoa kaeleza vizuri, naongeza upande wa kitandani. Hata dawa ambayo maabara imeiandika "inafaa" inaweza kukuangusha. Jaribio la MERINO la 2018 liliwalinganisha wagonjwa wenye E. coli au bakteria wa Klebsiella sugu kwa seftriaksoni kwenye damu. Waliopewa antibiotiki ya piperasilini na tazobaktamu walifariki 12.3% ndani ya siku 30, waliopewa antibiotiki ya meropenemu 3.7%. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha baadhi ya bakteria hao walikuwa wamepimwa vibaya na hawakuwa wakisikia piperasilini, na tofauti ikapungua. Hapo unaona kipimo kibovu kinavyogeuka kifo kabla hakijawa takwimu.

Daftari_la_Wodi

Shukrani wakuu. Swali la mwisho: nyumbani na wodini natenganishaje, maana faili nyingi hazisemi?

Chupa_Mbili

Tumia tarehe mbili tu: ya kulazwa na ya kutoa sampuli. Sampuli ya ndani ya siku 2 za mwanzo iite ya nyumbani, ya baada ya hapo ya wodini. Anayehamishwa kutoka hospitali nyingine, au anayesafishwa damu kila wiki, utaratibu huu utamweka upande usio wake. Mwekee safu yake pembeni, na siku za alikotoka zihesabiwe pia kama zimeandikwa kwenye barua ya rufaa.