Picha za taarab Mkunguni: mistari myeusi, na zote zafanana

mwana_wa_mtaa: Assalaam aleikum. Napiga taarab usiku pale Mkunguni, Lamu, mbele ya Ngome. Kamera ya sensa ndogo (kile kidaka mwanga ndani ya kamera; kropu 1.5), lenzi 50mm, tundu lake f/1.8, shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kudaka mwanga) 3200. Taa ni LED. Picha zatoka na mistari myeusi, na taa ya buluu ikimpiga mwimbaji, uso wawa bonge la rangi, hauna pua wala jicho. Tena zote ni mtu na maikrofoni mdomoni. Nisaidieni jamani.

lenzi_kavu: Waaleikum salaam. Kamera yako nzima, mistari ni ya taa. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hivyo taa rahisi hupwita mara 100 kwa sekunde. 1/250 yadaka kipande tu cha pwito moja. Weka 1/100. Zima na ile shata ya kimya, husoma sensa polepole mstari kwa mstari, ndiyo huzidisha. Ikiwa bado, mwombe fundi wa taa azipandishe hadi mwisho, maana nyingi hupwita zikipunguzwa.

Kwa 1/100 mkono wa mpiga fidla utafifia. Ngoja upinde ugeuze njia: pale husita kidogo, bonyeza.

Buluu: pima mwanga usoni, shusha stopu moja (nusu ya mwanga), piga RAW (faili ghafi ya kamera). Rangi iliyokwisha kuungua hairudi kwa kompyuta.

kidole_cha_shahada: Hapo mbele katikati pahame. Sogea digrii 30 hadi 45, upande usioshika maikrofoni. Mita 5, kamera wima, yaingia kama mita 2.3 kwenda juu: mwimbaji mzima.

Lakini picha iko kwa mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya kulazwa, na watu humpita tu! Ukiwa chini waona ubao. Simama nyuma ya bega lake, inua kamera, elekeza chini, upate nyuzi na zile pete za vidole vya shahada. Umbali wa mita 1.5, f/1.8 yatoa sentimita 6 tu za ukali, kidole kimoja chapotea. Weka f/4 (tundu dogo, ukali mwingi), shata 1/100, ISO 6400. Mwanga ni ule ule wa 1/250 yako.

Wakati wa kutunza, kaa ubavuni mwa jukwaa: noti, mkono na nyuso mbili pamoja.

upepo_wa_kusi: Juu ya Ngome pia pazuri, kwa ruhusa, ila ni pa umati, si pa nyuso. Kina mama waulizwe kwanza, na wakikataa imekwisha. Ukitoka chumba cha eisi, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto, la sivyo lenzi yapata ukungu.

mwana_wa_mtaa: Shukran. Na fundi wa taa akikataa?

lenzi_kavu: Teremka 1/50, uwapige walioketi.