Waliopasuliwa kwa maumivu ya korodani yasiyoisha, tupeane uzoefu

Boda wa Mamboleo: Leo nimeruka tuta nikakumbuka miaka miwili ya kuendesha nimekalia tako moja. Upande wa kushoto, kama jino bovu. Nimemezeshwa antibayotiki mpaka mkojo ukanuka dawa, skani ikasema hamna kitu, mama watoto akauliza ugonjwa huu nimeutoa kwa nani. Mwishowe daktari wa njia ya mkojo akanidunga ganzi kwenye kinena, palipo na ile kamba inayoshikilia korodani. Maumivu yakanyamaza. Nililia mbele ya nesi! Akasema kama ganzi imeyazima, basi kuna maana ya kukata vineva vinavyoyapeleka. Akavikata kwa darubini, mshipa wa damu akauacha. Wiki nzima nilitembea kama bata. Sasa nabeba gunia la omena.

Jirani Kondele: Hapo kwa mama watoto umenimaliza. Hata mimi.

Mwalimu Webuye: Yangu ilikuwa mishipa iliyovimba. Ikafungwa. Imepungua, haijaisha.

Kamau Njoro: Si mtoe tu zote? Dume hukatwa na bado linalima.

Mwalimu Webuye: Usipotoshe watu. Binamu yangu alitolewa moja na bado anaumwa pale pale, mahali patupu. Hiyo ni ya mwisho kabisa.

Kamau Njoro: Nilikuwa nachekesha, mwalimu.

Mwalimu Webuye: Kachekeshe ng'ombe wako.

Mama Kijana, Nakuru: Mwanangu, kidato cha pili. Usiku wa manane bwenini, upande mmoja ghafla, anatapika. Akapewa Panadol, akaambiwa angoje asubuhi. Mimi napigiwa simu saa nne, chai iko mkononi. Kamba ilikuwa imejisokota. Daktari akasema kuiokoa korodani ni ndani ya saa sita hivi. Wakaitoa, ile nyingine wakaishona isije ikajisokota pia. Ananiuliza kama atapata watoto. Daktari amesema moja inatosha, lakini haniamini.

Jirani Kondele: Pole sana mama. Shule gani?

Mama Kijana, Nakuru: Sitaji. Wakili amekataza.

Kamau Njoro: Pole mama. Nafuta ile ya dume.

Fundi Kakamega: Vaeni chupi ya kubana.

Jirani Kondele: Ya kubana ndiyo ilinimaliza!

Fundi Kakamega: Yangu mwishowe yalikuwa mawe ya figo. Makende hayakuwa na kosa.

Mwalimu Webuye: Boda, SHA, ile bima ya afya ya serikali, ililipa?

Boda wa Mamboleo: Kidogo. Kingine kililipwa na pikipiki yangu ya kwanza, niliiuza.